Baba Tajiri na Mwanawe: Neno juu ya Kitabu cha Hamed bin Muhammed

Walimu wa mwambao wa kaskazini wa Ziwa Tanganyika, tangu Ujiji na Kigoma hata Kagunga penye mpaka wa Burundi, huletewa mara kwa mara shauri moja lisilo na jibu jepesi. Mtu ana mitumbwi, nyavu na taa za kuvulia dagaa, tena ana duka na nyumba ya kupangisha. Mwanawe amemaliza shule, naye ataka apewe mtaji. Baba asema, “Nimekulisha, nimekuvika, nimekusomesha. Deni langu limekwisha.” Mwana ajibu, “Mali hii yote ni ya nani basi, kama si yetu?” Kisha wote wawili huja kwa mwalimu, kila mmoja akitumaini kuambiwa kwamba haki iko upande wake.

Kulikata shauri hili kwa methali ni kazi bure, kwa kuwa methali zetu humpa kila mtu silaha. Baba atasema, Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Mwana atajibu kwamba, Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na kama yeye ni goigoi, aliyemlea ni nani? Hivyo wataondoka kama walivyokuja. Twaona heri kuliangalia jambo hili katika kitabu kimoja cha Kiswahili kilichoandikwa na mtu aliyekuwa mwana wa tajiri kwanza, kisha mwenyewe akawa baba tajiri, na ambaye njia yake ya kwanza ilipita hapa hapa Ujiji. Maana yetu ni kile kitabu cha maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, aitwaye na watu wengi Tippu Tip.

Hamed alifariki Unguja mwaka 1905. Habari zake alizieleza mwenyewe katika uzee wake, na Mjerumani Heinrich Brode akazitangaza mjini Berlin katika miaka 1902 na 1903, Kiswahili pamoja na tafsiri ya Kijerumani. Baadaye W. H. Whiteley alizitia katika Kiingereza, zikatoka pamoja na jarida la Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki katika miaka 1958 na 1959. Watu wengi hukishika kitabu hiki kwa ajili ya wageni mashuhuri waliokutana na Hamed, yaani Livingstone, Cameron na Stanley. Wengine hukisoma kwa ajili ya vita vyake. Sisi twapenda kuwaomba wasomaji wetu warudi kwenye kurasa za mwanzo, ambazo hupitwa upesi mno.

Lugha ya kurasa hizo ni kavu kama daftari la duka. Hamed hataji moyo wake ila kwa nadra. Hutaja safari, bidhaa na pembe. Atuambia kwamba alianza kufanya biashara ya sandarusi akiwa na umri wa miaka 12, pamoja na ndugu na wajomba zake, naye akipewa mzigo mdogo kwa sababu ya utoto. Alipokuwa na miaka 18 alifuatana na baba yake kwenda bara. Baba huyo, Muhammed bin Juma, alikuwa mtu mkubwa katika Unyanyembe, kwa kuwa alimwoa binti wa Fundikira, mtemi wa nchi ile. Basi Hamed hakuzaliwa katika kibanda cha maskini, wala hasemi hivyo.

Ndipo lije jambo lenyewe. Baba alitengeneza bidhaa za kupelekwa Ujiji na ng'ambo, na kijana akawa katika safari ile, lakini amri ya mali ilikuwa mikononi mwa mtu mmoja wa Mrima. Hamed alipoona hivyo alihesabu kwamba ameaibishwa. Hakuendelea na njia. Alirudi kwa baba yake, akamwambia kwamba hawezi kwenda hali mali iko chini ya mtu mwingine. Baba akajibu kwamba alifanya hivyo kwa sababu ya ujana wake tu. Kisha akamwachia mali yote aiongoze mwenyewe. Kijana akaenda Ujiji, akavuka ziwa, akafika Urua.

Wasomaji wengi hulisoma fungu hili kwa kufurahi. Husema, tazama ujasiri wa kijana na upole wa baba! Nasi twakubali kwamba limesimuliwa vizuri, maana maneno machache yatuonyesha watu wawili wazima. Lakini twaona kosa pande zote mbili, na kosa hilo ndilo lile tulionalo Kagunga leo.

Kosa la baba kwanza. Kumweka mzee wa njia juu ya kijana wa miaka 18 si dhuluma. Ni malezi mema. Baya ni kwamba sababu yake ilikuja kwa kuchelewa. Laiti angalimwita mwanawe kabla ya safari, akamwambia, “Mwanangu, mtu huyu ajua bei na mito na tabia za watemi, safari hii wewe utajifunza kwake, na safari ya pili mali itakuwa mkononi mwako,” pengine aibu isingalikuwapo. Sababu ilitolewa baada ya ugomvi, na pamoja nayo ikatolewa mali yote. Hivyo kijana alipewa kwanza msimamizi pasipo maelezo, kisha akapewa mali pasipo msimamizi. Mara zote mbili alikosa kitu alichokuwa na haki nacho.

Kosa la mwana ni kiburi. Lililomchoma Hamed si kukosa mali tu, bali kuwekwa chini ya mtu wa Mrima, ambaye machoni pake alikuwa mtu wa daraja ya chini. Wala katika fungu lile hasemi kwamba angeweza kujifunza lo lote kwa mtu yule. Wana wangapi wa matajiri wetu husema vivyo hivyo juu ya nahodha wa baba, mtu aliyevua usiku miaka 30 na kujua upepo wa ziwa kuliko ajuavyo jina lake? Baba akimtii mwana katika kiburi cha namna hii, hampi uhuru, amnyima mwalimu.

Tena kuna wanaomtaja Hamed kuwa mfano wa mtu aliyejitengeneza mwenyewe, ili wapate kuwanyima watoto wao. “Yeye alikopa akapanda, nawe kakope.” Hao hawakukisoma kitabu. Ni kweli kwamba baadaye alichukua mali kwa mikopo Unguja, hasa kwa Taria Topan, tajiri wa Kihindi. Lakini bidhaa alizovuka nazo ziwa mara ya kwanza zilikuwa za baba yake, na mtu aliyekwisha kuonekana njiani akiongoza mali ya nyumba inayojulikana huaminiwa upesi kuliko mgeni. Tajiri wa Kagunga asemaye kwamba alianza mikono mitupu na akumbuke vizuri: ni nani aliyempa nafasi katika mtumbwi wake? Ni nani aliyemkopesha wavu wa kwanza? Mara nyingi ataona kwamba palikuwa na mtu.

Hapa lugha yenyewe yaweza kutusaidia. Katika ugomvi wa baba na mwana tumesikia neno moja tu likitumika, yaani kupa. Mwana ataka apewe. Baba akataa kumpa. Lakini Kiswahili kina neno jingine, kukabidhi. Ukimpa mtu kitu, umemaliza. Akikitupa majini ni shauri lake. Ukimkabidhi, kitu kimetoka mkononi mwako lakini hesabu imebaki kati yenu, naye aliyekabidhiwa apaswa kujibu. Kitu cha namna hiyo huitwa amana. Twadhani kwamba chakula, mavazi, dawa na elimu ni vitu ambavyo mzazi hutoa pasipo kudai hesabu, kwa maana mtoto hakuomba kuzaliwa. Lakini mtaji haufai kutolewa hivyo. Mtumbwi mmoja, taa zake na wavu wake, uliokabidhiwa kijana kwa msimu mmoja, pamoja na daftari la mafuta, la mavuno na la fungu la wavuvi, wamfaa kuliko mitumbwi 10 iliyoandikwa jina lake siku ya arusi.

Kwa habari ya yale ya kwanza, sheria ya Tanzania haina shaka. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yamtaka mzazi amtunze mtoto kwa chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu, nayo humhesabu mtoto kuwa mtu aliye chini ya miaka 18. Yasema pia kwamba mtoto asinyimwe kufaidi mali ya mzazi kwa kiasi kinachofaa. Basi mtoto wa tajiri hawezi kulala njaa kwa kisingizio cha kufundishwa ugumu. Na Waislamu wa Ujiji wajua tangu zamani kwamba wasia haupiti theluthi ya mali, na kwamba baba hawezi kumfuta mrithi kwa hasira yake. Urithi si fimbo.

Kitabu cha Hamed kina kimya kinachotusumbua juu ya upande mwingine wa nyumba. Baba yake alipata nguvu Unyanyembe kwa njia ya mke. Lakini katika kisa cha kukabidhiana mali twawaona wanaume tu. Desturi za makabila mengi ziliufuata mwendo huo huo. Hata tamko la sheria za mila la mwaka 1963 liliweka mabinti katika daraja ya tatu ya warithi, nyuma ya ndugu zao wa kiume. Nenda leo pwani ya Kagunga asubuhi, wakati dagaa wanapoanikwa: ni nani anayegeuza, anayehesabu, anayejua mchuuzi gani hajalipa? Mara nyingi ni mke na mabinti wa tajiri. Kaka adaiye mtaji hajui hesabu ile. Dada aijuaye haulizwi. Baba anayetafuta mtu wa kumkabidhi mali mara nyingine amempita mlangoni.

Yako na mengine yaliyo mazito zaidi. Mali ya Hamed ilitoka katika pembe, na pembe nyingi zilipatikana kwa vita, na watu wakatekwa wakafanywa watumwa. Aliporudi Unguja mwaka 1891 alikuwa amemwacha mwanawe Sefu huko Kasongo katika Manyema. Vita na Dola la Kongo vikaanza mwaka 1892. Kasongo ikaanguka mwaka 1893, na Sefu akafa katika mwaka huo huo. Yule aliyekataa ujanani kuwa chini ya amri ya mtu mwingine alimwachia mwanawe amri, na pamoja nayo maadui wote ambao mali ile iliwazaa. Hatusemi kwamba Hamed alimpeleka mwanawe mautini kwa kusudi. Twasema kwamba mali haikabidhiwi peke yake. Hukabidhiwa pamoja na madeni yake, machozi yake na watu waliodhulumiwa kwa ajili yake, na mwana ana haki ya kuambiwa hayo kabla hajaipokea. Mwenye mitumbwi aliyepunja fungu la wavuvi wake anamwachia mwanawe mitumbwi, lakini pia anamwachia wavuvi wenye kinyongo.

Mtu aweza kutujibu kwamba maneno haya yote ni ya hewa, na kwamba fedha ndiyo imsaidiayo mtoto. Kagunga yenyewe imemjibu. Mwezi wa Mei mwaka 2015 makumi ya maelfu ya watu kutoka Burundi walijaa katika kijiji kile chembamba kati ya milima na maji, wakingoja kupelekwa Kigoma kwa meli ya Liemba. Watu wenye nyumba, ng'ombe na mashamba walilala juu ya mchanga pamoja na wasio na kitu, na kipindupindu kikawapata wote pasipo kuuliza. Mali zilizobaki nyuma ya mpaka hazikumfaa mtoto siku ile. Tena mwaka 2024 ziwa lilipofungwa kwa uvuvi, tangu Mei 15 hata Agosti 15, mwana aliyejua kutumia tu fedha ya mitumbwi alikaa kando ya mitumbwi iliyopinduliwa. Aliyezoea kusoma daftari aliweza walau kujua nyumba itakula nini mpaka siku ya kufunguliwa.

Basi, mwalimu akijiwa na baba na mwana, twamshauri asianze na kiasi cha fedha. Aombe daftari liletwe. Kama halipo, baba aambiwe kwamba deni lake la kwanza ni hilo, maana Mali bila daftari hupotea bila habari. Kama lipo, mwana alisome kwa sauti mbele ya baba yake na mbele ya dada zake, na baba aeleze kila asiloelewa, pamoja na yale asiyopenda kuyaeleza. Kisha waseme ni kitu gani kitakabidhiwa, kwa muda gani, na nani atakuwa mzee wa njia. Na mwana akikataa kuwa chini ya mzee huyo, baba asimwachie mali yote kama alivyofanya Muhammed bin Juma.

Tungefurahi kupata kwa walimu wa Buha maneno ya Kiha yanayotenga kupa na kukabidhi, kama yapo, pamoja na desturi ya wazee katika kumpa kijana ng'ombe wake wa kwanza.