Nani Anatembea Juu ya Bati?

Nyumba za kata ya Kiseke, Mwanza, kwa kawaida hazina dohani. Kwenye nchi za baridi, mtu akisikia mlio wa ajabu ndani ya nyumba usiku huanza kulishuku bomba la moshi. Huku kwetu Ilemela moshi hutokea mlangoni mwa jiko la nje, na lawama zote hubebwa na paa: linagonga, linakwaruza, linaguna, kuna mtu anatembea juu. Leo tuichambue nyumba moja ya kata hiyo ya Kiseke ambayo paa lake lilimsumbua mama mwenye nyumba tangu siku alipohamia, na jinsi fundi alivyolituliza.

Nyumba yenyewe haina maajabu. Ni vyumba vitatu na sebule, paa la bati za mgongo mpana za rangi ya kijivu kilichokoza, geji 30, yaani unene wa takriban milimita 0.3. Zimekatwa kiwandani zikiwa na urefu wa mita 6, kutoka kwenye kofia ya kilele cha paa hadi ukingoni bila kiungo, na zimepigiliwa kwa misumari ya bati kwenye papi, yaani mbao zinazobeba bati, za mbili kwa mbili. Dari ni jipsamu. Gata ni za plastiki. Nyuma kuna shimo la choo, na bomba lake la hewa limepandishwa ukutani mpaka juu ya paa.

Fundi hakukimbilia ngazi. Aliuliza kwanza.

"Mama, linagonga saa ngapi?"

"Usiku, fundi."

"Usiku saa ngapi? Na mvua ikinyesha, linagonga?"

Mama hakuwa na jibu, na ukweli ni kwamba wengi wetu hatuna. Akaombwa aandike kwa muda kwenye daftari: saa, chumba, hali ya hewa, na mlio wenyewe ulivyo. Kwa maoni yangu hapo ndipo kazi yote ilipofanyika. Yaliyofuata yalikuwa nyundo na skrubu tu. Daftari lilionyesha kuwa "yule mtu wa juu" alikuwa kelele nne tofauti, ukiacha mkwaruzo wa alfajiri, na kila moja ilikuwa na saa zake.

Kelele ya kwanza, na ndiyo kubwa, ilianza jua likielekea kuzama na kuendelea hadi saa 3 usiku: ta! kimya, ta! ta! Mara juu ya sebule, mara juu ya chumba cha watoto, ndiyo maana ilisikika kama hatua za mtu. Siku za mawingu ilipungua, na siku ya mvua haikuwepo kabisa. Fundi akamwambia mama asikilize pia asubuhi kati ya saa 2 na saa 4. Kumbe hata asubuhi ilikuwepo, ila ilimezwa na redio na bodaboda.

Chuma kikipata joto hurefuka. Kila mita moja ya chuma huongezeka milimita 0.012 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Bati la rangi iliyokoza linaloamka na nyuzi 18 alfajiri huweza kufika nyuzi 60 saa 7 mchana. Piga hesabu kwa mita 6: ni milimita 3. Bati hilo linataka kusogea milimita 3 kila siku, kwenda na kurudi, lakini misumari imelishika. Halisogei polepole. Linajikaza, linasubiri, kisha linafyatuka ghafla pale msumari mmoja unapoliachia. Mfyatuko huo ndio "hatua". Miezi ya Juni hadi Agosti hali huwa mbaya zaidi, maana mbingu ya Mwanza huwa safi, mchana jua kali, na usiku bati hupoteza joto lake kuelekea angani kwa kasi kuliko hata hewa iliyolizunguka.

Hapa niseme neno kuhusu mitindo yetu. Bati za zamani za futi 10 zilipandana, na kila kiungo kilitoa nafasi kidogo ya kusogea. Bati refu la kipande kimoja ni zuri, halivuji kwenye kiungo kwa sababu hakuna kiungo, lakini mwendo wote wa mita 6 unabaki kwenye kipande hicho hicho. Tukaongeza rangi nyeusi na kijivu kwa kupenda fasheni, kisha tunashangaa paa linaongea.

Fundi alipopanda darini kupitia tundu la ukaguzi, asubuhi kabla ya joto na baada ya kuzima umeme kwenye meini swichi, alikanyaga mbao tu. Jipsamu haibebi mtu. Kwa tochi alionyesha ushahidi wenyewe. Pembeni ya misumari ya safu za chini, matundu yalikuwa yameshaanza kuwa ya mviringo mrefu, na ukingo wake uling'aa kama umesuguliwa kwa msasa. Papi mbili zilikuwa zimejikunja kidogo: mbao zilipigwa zikiwa mbichi, zikakauka zikiwa juu, msumari ukabaki umelegea ndani ya tundu lake.

Tiba ilikuwa hivi. Safu ya juu, karibu na kofia, ilikazwa imara ili bati liwe na mahali pamoja pa kushikilia. Safu za kati na za chini zikang'olewa misumari na kuwekwa skrubu za bati zenye washa pana za mpira, lakini kwanza tundu kwenye bati likapanuliwa milimita 3 hadi 4 kuliko unene wa skrubu. Washa hulifunika tundu, maji hayapiti, bati linateleza chini yake bila kugombana na chuma. Skrubu ilikazwa mpaka mpira uliposhika. Ukiubana hadi ukatoka pembeni kama chapati, umerudi kulekule kwenye msumari. Kazi ilifanyika bati likiwa vuguvugu, si baridi wala moto, ili skrubu ikae katikati ya tundu na bati lipate nafasi pande zote mbili. Papi zilizojikunja zikabadilishwa. Skrubu za kingo za paa hazikulegezwa hata kidogo, kwa sababu ni pale upepo wa ziwa unapoanzia kunyanyua bati. Anayelegeza skrubu kila mahali kwa kutafuta usingizi atakuja kulikuta paa lake uwanjani kwa jirani.

Kelele ya pili ilikuwa ndogo lakini ya kuudhi: tik, tik, tik kwenye ukingo, jioni. Ilikuwa gata. Plastiki hurefuka karibu mara tano kuliko chuma, hivyo gata ya mita 6 ikipata tofauti ya nyuzi 30 hujinyoosha karibu sentimita nzima. Vishikio vilikuwa vimeibana kwenye fisha bodi, ubao wa ukingoni mwa paa. Vikalegezwa, na kiungo kikaachiwa nafasi. Ikaisha siku hiyohiyo.

Ya tatu ndiyo inayokaribia dohani yenyewe. Alasiri, upepo unapotoka ziwani kuja nchi kavu, na tena kabla ya radi, kulisikika mguno mzito upande wa nyuma. Bomba la hewa la choo lilikuwa wazi juu. Upepo ukipita kwenye mdomo wa bomba, hewa iliyomo ndani hutetemeka, kama unavyopuliza mdomo wa chupa ya soda. Bomba refu namna hiyo hutoa sauti ya msingi nzito sana, na juu yake sauti nyingine zinazosikika vizuri zaidi. Fundi aliliwekea kofia ya kupitisha hewa yenye wavu, akalifunga ukutani kwa vibano viwili kwa sababu lilikuwa pia likigonga bati. Tafadhali usilizibe bomba hilo kwa tambara, kama wengine wanavyofanya. Hewa chafu itatafuta njia kupitia chooni.

Ya nne, dundo moja la usiku wa manane, halikuwa la paa. Maji yaliporudi kwenye bomba, floti ya tangi ilifunga kwa kishindo na bomba lisilofungwa ukutani likarukaruka. Floti mpya na vibano vilitosha. Na mkwaruzo wa alfajiri? Korongo wale wenye vipara na mfuko shingoni, wanaotua popote Mwanza. Hao hawana fundi.

Inafaa kuyachukulia haya kwa uzito kwa sababu nyingine pia. Kanda ya Ziwa ina historia chungu ya vikongwe kuuawa kwa kushukiwa uchawi, na mara nyingi "ushahidi" ulikuwa macho mekundu. Macho hayo yalitokana na miaka ya kupikia kuni na kinyesi cha ng'ombe kwenye jiko lisilo na njia ya moshi. Dohani ambayo hatukujenga ilichangia kumtia hatiani bibi, na bati tunalopigilia vibaya linaweza kumtafutia mwingine kesi. Kabla hujamtaja jirani kwa kishindo cha saa 2 usiku, andika saa na hali ya hewa kwa wiki moja.

Paa la Kiseke halikunyamaza kabisa. Siku za jua kali bado linatoa mlio mmoja au miwili jioni, na fundi alimwambia mama wazi kuwa hiyo haitaisha maadamu bati ni la chuma. Kwa anayejiandaa kupaua sasa: chagua rangi nyepesi, nunua skrubu badala ya misumari, hakikisha mbao zimekauka, na mwambie fundi apanue matundu kabla hajapanda, kwa kuwa kuyapanua baada ya bati kupigiliwa ni kazi mara mbili.