Namna ya Kumtambua Fundi Anayejua Kusoma Misimbo ya Giaboksi

Njia panda ya Kitai ni mahali pazuri pa kuona magari yanavyoteswa. Hapa barabara ya Songea kwenda Mbinga inakutana na ile inayoteremka Lituhi, na malori ya makaa ya mawe ya Ngaka yanapishana na Noah za abiria. Ukishapita Mbinga, takriban kilometa 66 zinakushusha kutoka milima ya Umatengo hadi Mbamba Bay, ambako Ziwa Nyasa liko mita zipatazo 475 tu juu ya usawa wa bahari. Kushuka si tatizo. Shughuli ni kurudi na magunia ya dagaa, gari limelalia nyuma, na oili ya giaboksi inachemka. Kwenye mlima ule ndiko taa ya hitilafu huwaka na kompyuta huhifadhi msimbo wake, na mwenye gari la otomatiki la zamani hulazimika kuchagua fundi wa kumwamini.

Kigezo changu kikubwa ni hiki: je, fundi anatofautisha msimbo wa waya na msimbo wa oili?

Kompyuta ya gari haioni ndani ya giaboksi. Inachofahamu ni umeme unaokwenda kwenye solenoidi na spidi inayoletwa na sensa. Msimbo kama P0753 au P0758 ni wa umeme: waya umekatika, umegusa bodi, au solenoidi yenyewe imeungua. P0730 na P0741 ni ya tabia. Kompyuta imetuma amri sawasawa, ikalinganisha mizunguko ya injini, shafti na magurudumu, ikaona hesabu hazikubaliani. Kuna kitu kinateleza. Msimbo wa kwanza unatafutwa kwa multimita, wa pili unaanzia kwenye kijiti cha oili. Na P0700 haitaji kifaa chochote. Inasema tu kwamba kompyuta ya giaboksi ina malalamiko, na malalamiko yenyewe yatafutwe humo. Fundi anayesoma P0700 na papo hapo kukutajia bei ya giaboksi ya mtumba, muage.

Toyota nyingi za miaka ya 1990 hazihitaji hata mashine. Ndani ya boneti kuna kiboksi cha plastiki kilichoandikwa DIAGNOSIS. Fundi anaunganisha tundu la TE1 na la E1 kwa kipande cha waya, anafungua swichi bila kuwasha injini, anahakikisha kitufe cha O/D (overdrive) hakijazimwa, kisha anaitazama taa ya O/D OFF kwenye dashibodi. Ikipepesa harakaharaka bila kupumzika, hakuna msimbo uliohifadhiwa. Ikipepesa mara sita, ikanyamaza kidogo, halafu mara mbili, hiyo ni 62: solenoidi namba 1. 63 ni solenoidi namba 2, 64 ni ile ya kufunga toki konveta, 42 na 61 ni sensa za spidi. Mtazame anavyohesabu. Anayejali huandika, husubiri mzunguko mzima urudie, kisha huhesabu upya.

Vimashine vidogo vinavyounganishwa na simu ni vizuri, lakini vingi vinafuata mfumo wa OBD-II, uliofanywa lazima Marekani kwa magari ya kuanzia 1996. Gari lililotengenezewa soko la Japani linaweza kuwa na soketi ileile na bado lisijibu. Ukimya huo hauna maana kwamba kompyuta imekufa.

Sasa tuseme amepata 62. Fundi wa haraka anaagiza solenoidi. Fundi wa kweli anapima betri kwanza, maana umeme mdogo huzaa misimbo ya uongo, kisha anaingia chini ya gari kutazama plagi ya giaboksi. Tope la masika na vumbi la makaa huingia humo, pini zikapata kutu ya kijani. Anasafisha, anapima solenoidi. Katika Toyota nyingi za gia nne za wakati ule inatakiwa isome kati ya omu 11 na 15. Anafuta msimbo kwa kuchomoa fyuzi ya EFI kwa zaidi ya sekunde kumi, anaendesha, anasoma tena. Msimbo usiporudi, umeokoa pesa nyingi.

Kuna kipimo kimoja ninachokipenda kuliko vyote, na ni wachache wanaokifanya. Chomoa plagi ya solenoidi kabisa, kisha endesha gari ukibadilisha gia mwenyewe kwa mkono wa gia. Katika giaboksi za familia ya A340, kwa mfano, D itatoa gia ya nne, 2 itatoa ya tatu, na L itatoa ya kwanza. Gari likiondoka kwa nguvu kwenye L na likabadilika vizuri ukisogeza mkono, vyuma na klachi ni vizima, na ugonjwa uko kwenye umeme. Madereva wengi wameambiwa giaboksi imekwisha kwa sababu tu gari lilikuwa likiondoka kizito kwenye D, kumbe solenoidi zimekosa umeme na gari linajikongoja kwa gia ya nne.

Msimbo ukiwa wa tabia, mambo yote yarudi kwenye oili. Toyota hupimwa injini ikiwa inaunguruma na oili imepata moto, gari liko tambarare, baada ya kupitisha mkono P hadi L na kuurudisha P. Honda hupimwa injini ikiwa imezimwa muda mfupi uliopita. Fundi anayetumia njia moja kwa gari zote ameshakupa jibu. Oili nyekundu angavu ni njema. Ya kahawia yenye harufu ya kuungua inatangaza klachi. Ya waridi iliyochanganyika kama chai ya maziwa ina maji, na maji hayo karibu kila mara yametoka kwenye rejeta, kwa kuwa bomba la kupozea oili linapita ndani yake. Wanaojaza rejeta maji ya mto kila safari wanalitoboa bomba hilo wenyewe, polepole. Hapo kubadilisha solenoidi ni kutupa hela, ianze rejeta. Aina ya oili nayo aitaje kabla hajamwaga, kwa sababu giaboksi ya CVT haipewi oili ya Dexron.

Mwisho, dai sampu ya oili chini ya giaboksi ifunguliwe ukiwepo. Ndani yake kuna sumaku ndogo. Ikiwa zimevaa uji laini wa kijivu, huo ni uchakavu wa kawaida: safisha, weka filta mpya, rudisha. Ukikuta vipande vya chuma vinavyong'aa, au masizi meusi mazito yanayotokana na klachi, basi fundi anayetaka kuishusha giaboksi ana haki ya kuishusha.