Kikombe cha Maji: Athari ya Haud katika Uandishi wa Margaret Laurence

Waandishi wa Ulaya na Marekani waliokwenda kuishi jangwani ni wengi, na aghalabu walirudi na kitabu cha aina moja: kitabu cha mchanga. Ndani yake mna anga tupu, kimya, nyota na msafiri anayeitafuta nafsi yake. Wenyeji husimama pembeni mithili ya mapambo ya jukwaa. Msomaji wa Afrika Mashariki aliyekwisha kukinai vitabu hivyo ana haki ya kumtilia shaka mgeni yeyote anayedai kwamba jangwa ndilo lililomfanya awe msanii. Kwa Margaret Laurence, mwandishi wa Kanada aliyezaliwa mwaka 1926 na kufariki mwaka 1987, dai hilo lina ukweli. Lakini ukweli wenyewe haumo mchangani. Alichokipata Laurence katika nchi ya Wasomali ni maneno ya watu, na maarifa ya thamani ya maji. Na yote mawili alipewa na watu wenye majina, ambao uhakiki hauna budi kuwataja.

Laurence alizaliwa Neepawa, mji mdogo katika nyanda za Manitoba. Mnamo mwisho wa 1950 alifuatana na mumewe, mhandisi Jack Laurence, aliyeajiriwa na serikali ya Himaya ya Kiingereza ya Somaliland kusimamia uchimbaji wa mabwawa ya kukinga maji ya mvua katika uwanda wa Haud. Wasomali huyaita mabwawa hayo balli. Walikaa Sheikh, mji wa milimani, na Hargeisa, na miezi mingine katika kambi za porini, hadi mwaka 1952. Haud si bahari ya mchanga kama jangwa la picha. Ni uwanda mkavu wa vichaka na miiba, ambao huota majani mvua ikinyesha, na katika majira ya kiangazi, Jiilaal, haubakizi hata tone. Wafugaji wa ngamia huingia na kutoka kwa kuyafuata mawingu. Kazi ya mume ilikuwa kuyazuia maji. Mke hakuwa na kazi iliyowekwa, akajitafutia yake.

Kazi hiyo ilizaa kitabu chake cha kwanza, A Tree for Poverty, yaani mti ambao umaskini hujisitiri chini yake. Ni mkusanyiko wa mashairi na ngano za Kisomali uliofasiriwa kwa Kiingereza, na ulipigwa chapa Nairobi mwaka 1954 kwa ajili ya serikali ya Himaya. Mti unaotajwa ni ushairi wenyewe: mali ya watu ambao mali nyingine hufa kila mvua zinapokosekana. Inafaa kukumbukwa kwamba Taban lo Liyong alipolalamika mwaka 1965 kuhusu ukame wa fasihi katika Afrika Mashariki, kitabu hiki kilikuwa kimekwisha kutoka katika mji huo huo wa Nairobi miaka kumi na mmoja kabla, kikishuhudia kwamba hata mahali penye ukame wa kweli neno lilikuwa limestawi.

Je, mgeni asiyeijua lugha anawezaje kufasiri ushairi wake? Swali hili ndilo kiini cha tathmini ya kitabu hiki, na halifai kupitiwa kwa haraka. Laurence hakukijua Kisomali kwa kiwango cha kutafsiri. Aliyekijua ni Musa Galaal, mshairi na mtaalamu wa fasihi simulizi, pamoja na B. W. Andrzejewski, mwanaisimu mzaliwa wa Poland aliyekuwa akifanya utafiti huko Sheikh. Hao wawili walilijadili shairi kwa Kisomali, wakalitoa neno kwa neno kwa Kiingereza, wakaeleza kila neno lina mwangwi gani masikioni mwa Msomali; kisha Laurence akaitafuta sura ya Kiingereza. Upande wa ngano alimtegemea zaidi Hersi Jama, mkalimani wa kambini, ambaye alizisimulia kwa kuziigiza. Ngano kama ile ya malkia Arawailo, aliyewatawala wanaume kwa ukatili, zimepita katika koo la msimulizi huyo kabla ya kufika kalamuni. Jaladani, hata hivyo, limo jina moja tu. Laurence mwenyewe hakuwaficha wenzake. Aliwataja katika kitabu hicho, na tena kwa kirefu katika kumbukumbu zake. Lakini wahakiki wanaoandika kwamba Laurence “aligundua” ushairi wa Kisomali wanalifuta kundi zima ili abaki mtu mmoja. Galaal hakugunduliwa na mtu: mwaka 1956 alitoa Hikmad Soomaali kwa Kisomali chenyewe, miaka kumi na sita kabla serikali ya Somalia haijakubali hati rasmi ya lugha hiyo mwezi Oktoba 1972.

Msomaji wa ushairi wa Kiswahili ana kipimo chake cha kuipima kazi hii. Katika gabay, utanzu mrefu na mzito wa Wasomali, kila nusu ya mshororo sharti iwe na neno linaloanza kwa sauti moja iliyochaguliwa, na sauti hiyo haibadiliki tangu mwanzo wa shairi hadi mwisho, liwe na mishororo kumi au mia. Shairi la Kiswahili hufunga vina mwishoni na katikati ya mshororo. Gabay hufunga kichwani mwa neno. Anayeujua utenzi, na kina kile cha mwisho kinachokwenda pasipo kubadilika ubeti hata ubeti, hatashangaa: ni kamba ile ile, imefungwa upande wa pili. Sasa kamba hiyo ikikatwa hubaki nini? Hubaki hoja, taswira na busara, na hivyo Laurence amevifikisha kwa ufasaha. Kinachopotea ni ule ubishi wa mtunzi na lugha yake, hali ya kumwona mtu akibanwa na sauti moja naye akapata njia ya kupita. Gabay pia huwa ni silaha ya ukoo na hoja ya baraza. Ikitengwa na ugomvi ulioizaa hugeuka kuwa tafakuri ya mtu mpole. Kasoro hii si ndogo.

Balwo zilimfaa zaidi. Hizi ni tungo fupi sana za mapenzi, zilizoanzishwa katikati ya miaka ya 1940 na dereva wa lori, Abdi Deeqsi, maarufu kwa jina la Sinimo, zikapendwa na vijana na kushutumiwa na watu wa dini. Balwo husimama kwa taswira moja, na taswira huvuka mpaka wa lugha kwa urahisi kuliko sauti. Hapo Kiingereza cha Laurence kinakuwa chepesi, kimepunguzwa maneno. Mwandishi kijana anaonekana akijifunza kunyamaza mapema, na somo hilo halikufundishwa na mandhari. Limefundishwa na utanzu.

Ilipita takriban miaka kumi kabla hajaandika kumbukumbu za makazi yake, The Prophet's Camel Bell, iliyotoka mwaka 1963. Ucheleweshaji huo ulikuwa na faida. Alikuwa ameishi Ghana hadi 1957, na alikuwa amemsoma Mannoni juu ya nafsi ya mkoloni. Msichana aliyeingia Somaliland akiwachukia Waingereza watawala anatazamwa sasa na mwanamke aliyetambua kwamba yeye naye alikuwa mmoja wao: alitumikiwa, aliitwa memsahib, na shukrani aliyoitarajia kwa ajili ya mabwawa ilikuwa ni namna nyingine ya kudai utiifu. Wilfred Thesiger, aliyevuka jangwa la Arabuni katika miaka hiyo ya 1940 na baadaye akaishi miaka mingi Maralal, alikijua Kiarabu kuliko Laurence alivyokijua Kisomali. Hata hivyo, Arabian Sands, ya mwaka 1959, ni maombolezo ya jangwa linalomtoka mwandishi mikononi. Laurence haombolezi. Anajishtaki, na mara nyingine anajicheka, jambo ambalo ni adimu zaidi.

Mna katika kumbukumbu hizo tukio moja linalostahili kusomwa polepole. Ni wakati wa Jiilaal. Njiani wanamkuta mwanamke na mtoto wake, ngamia wao wa mizigo amekufa. Wasafiri wanampa maji kikombeni. Mama hasemi neno. Anamshikia mtoto kikombe, anywe kwanza. Laurence hapambi, wala hahubiri. Anaeleza mkono na kikombe, anaendelea na safari, na lori linaloondoka na maji yake linabaki kama aibu ambayo haikuhitaji kutamkwa.

Mwaka uliofuata, 1964, ikatoka riwaya yake The Stone Angel, na hapo ndipo Haud inaporudi bila kutajwa. Vitabu hivi viwili viliandikwa karibu wakati mmoja, ingawa riwaya inahusu Manawaka, mji wa kubuni wa nyanda za Kanada, na bibi kizee wa miaka tisini aliyejaa kiburi. Jina lake ni Hagar, ndiye Bi Hajiri, aliyeachwa nyikani na mtoto wake pasipo maji. Laurence alikuwa amevisoma vitabu vitano vya Musa akingoja meli Rotterdam, akielekea Somaliland. Hagar wa riwaya anatoroka asipelekwe katika nyumba ya wazee, anajificha katika kiwanda kikuukuu kando ya bahari, na huko anateswa na kiu huku bahari yote iko mbele yake. Mwishoni, kitandani hospitalini, muuguzi anamletea bilauri ya maji na kutaka kumshikia. Hagar anampokonya. Anataka kuishika mwenyewe.

Msomaji akiviweka vikombe hivi viwili pamoja, cha Jiilaal na cha hospitali, ataona jinsi riwaya ilivyokigeuza kisa cha njiani. Mama wa Haud hana kitu, naye anatanguliza kinywa cha mwanawe. Bibi wa Manawaka alikuwa na nyumba, watoto wawili na ardhi, wala hakuweza maishani mwake kumpa mtu kitu bila kukishikilia kwa mkono wa pili. Mwanawe aliyempenda alikufa kabla hajalainika, na yule aliyemdharau ndiye anayemuuguza. Bi Hajiri wa mapokeo ya Kiislamu alikimbia baina ya vilima viwili hata Zamzam ikabubujika kwa ajili ya mtoto. Hagar Shipley anafika majini akiwa peke yake, na riwaya inakatika bilauri ikiwa mikononi mwake.