Vitabu Viwili vya Kifungo

Nimesoma karibuni vitabu viwili vihusuvyo kifungo: Kusadikika (1951), riwaya ya Shaaban Robert, na Sauti ya Dhiki (1973), diwani ya Abdilatif Abdalla. Katika riwaya, wajumbe sita warudi safarini na mashauri mema, na kila mmoja hutiwa gerezani. Visa hivyo vyafanana mno. Kufikia mjumbe wa tatu utajua yatakayomfika wa nne. Diwani haina kasoro hiyo. Mtunzi aliiandika kwa siri akiwa kifungoni, kati ya 1969 na 1972, juu ya karatasi za chooni. Kimvita chake kitakutaka subira, usikikimbie. Riwaya yatufundisha kuwa msema kweli hupatwa na adhabu. Diwani yatukutanisha na mwenyewe aliyepatwa.