Baiti 17 Zilizotoka Bila Ruhusa

Kosa la draiva za itheneti, lile ambalo Ofir Arkin na Josh Anderson walilitangaza Januari 2003 kwa jina la EtherLeak, lilikuwa taksiri ya wazi, wala siafikiani na wale waliolihesabu kuwa ni ajali ya wahandisi waliobanwa na wakati.

Tuutazame mstari wenyewe wa msimbo, maana balaa yote imo humo. Fremu ya itheneti haipungui baiti 60, ukiziacha zile 4 za kuhakiki, na katika hizo 14 ni za kichwa. Basi jibu la ping lenye baiti 1 tu ya data, pamoja na vichwa vya IP na ICMP, hufika 29, likabakia pengo la baiti 17. Mwandishi wa draiva alipima urefu, akaona haujatimia, akaiarifu kadi kwamba urefu ni 60, akaenda zake, asiweke sifuri hata moja katika lile pengo. Kadi nayo, ambayo kazi yake ni kutii, ikachota chochote ilichokikuta katika bafa, kiwe ni masalio ya pakiti ya mtu mwingine au kipande cha kumbukumbu ya kerneli, ikampelekea jirani wa mtandao uleule aliyebisha hodi. Naye, kila akirudia kubisha, aliweza kuambulia masalio mengine. Hivyo amana ya watu ikatolewa nje na yuleyule aliyekabidhiwa kuihifadhi.

Wala waandishi wa draiva hawana udhuru wa kutojua. Charles Hornig, katika RFC 894 ya Aprili 1984, aliagiza bayana kwamba pengo lijazwe sifuri, na RFC 1042 ya 1988 ikakariri. Wahenga wale, ilhali mashine zao zilikuwa dhaifu mno, hawakuona uzito wa kufuta baiti 17. Nimekwisha kusema, na leo narudia, kwamba ubakhili huu wa kuacha bafa chafu kwa kisingizio cha kasi ndio ugonjwa wa kerneli zetu.

Linux ilirekebishwa vyema kwa kitendaji skb_padto, kinachojaza pengo hilo sifuri. Lakini 2013, miaka 10 baadaye, Mathias Krause akafichua mlolongo wa makosa ya jamii hiyohiyo katika recvmsg, kwenye ATM, AX.25, Bluetooth na itifaki nyinginezo, ambako staki ya kerneli ilivuja hadi kwa programu za kawaida, kwa kuwa muundo wa anwani haukusafishwa kabla ya kukabidhiwa.

Ewe uandikaye draiva, nakusihi: jaza sifuri kwanza, ndipo uitajie kadi 60.