Joto Hulindwa Kabla ya Kisu

Sindano ya ganzi ikishaingia mgongoni, muuguzi hushika miguu ya mgonjwa. Miguu iliyokuwa baridi dakika chache tu zilizopita inaanza kuwa vuguvugu, vena zake zinajaa, na hiyo ni dalili kwamba dawa imeshika. Asiyeijua kazi hii atafurahi kuona mgonjwa amepata joto. Fundi anajua kwamba mambo ni kinyume chake. Joto lile limetoka kifuani na tumboni, limeshuka miguuni, na sasa linaanza kupotelea hewani. Kuanzia hapo ana kazi ya pili, ambayo daktari anayepasua huenda asiione kabisa: kuhakikisha kwamba mtu aliyelala mezani hapoi.

Kazi hii naiheshimu sana, na naiheshimu zaidi ikifanywa katika mji kama Likasi. Walio mbali hudhani Kongo yote ni msitu na jasho. Likasi, mji wa shaba ulioitwa Jadotville hadi 1966, uko juu, kwenye mwinuko wa mita 1,300 hivi, mwendo wa kilomita 120 kutoka Lubumbashi. Kiangazi huko ndicho kipindi cha baridi. Usiku wa Juni na Julai kipimajoto huweza kushuka chini ya nyuzi 10, na alfajiri watu hutoka wamejitanda, mbabula, yaani majiko ya makaa, zikiwaka uani. Baridi ya eneo hili la Katanga si ya kudharauliwa: katika miaka ya mwanzo ya kampuni ya migodi ya Union Minière, nimonia iliua wafanyakazi wengi walioletwa migodini kutoka mbali. Basi fikiria mtu anavuliwa nguo asubuhi ya Julai, anapakwa dawa ya kusafishia ngozi inayokauka huku ikiondoka na joto lake, kisha analazwa juu ya meza ya chuma.

Lakini meza na hewa si adui mkubwa, na hapo ndipo ujuzi unapoanza. Mtu aliye macho akipigwa na baridi, mwili wake hubana mishipa ya ngozi. Mikono na miguu hupoa ili moyo, ini na ubongo vibaki karibu na nyuzi 37. Joto la ndani likisogea sehemu ndogo tu ya nyuzi, ubongo huamuru mishipa ijibane au misuli itetemeke. Dawa ya usingizi huulegeza ulinzi huo: mwili unaweza kupoa nyuzi 2 hata 4 bila kujitetea. Ganzi ya mgongoni nayo hufungua mishipa yote ya chini ya kiuno. Ni kama nyumba ambayo sebule yake ina joto na vyumba vya pembeni vimefungwa. Ukifungua milango yote kwa pamoja sebule itapoa, hata kama hakuna dirisha lililoachwa wazi.

Mwaka 1995, Takashi Matsukawa, Daniel Sessler na wenzao walilipima jambo hili kwa watu waliopewa dawa ya usingizi. Katika saa ya kwanza joto la ndani lilishuka zaidi ya nyuzi moja na nusu, na asilimia 81 ya mshuko huo ilitokana na joto kuhama tu ndani ya mwili, kutoka katikati kwenda pembeni. Sehemu ndogo tu ndiyo iliyotoka nje. Kwangu mimi huo ndio moyo wa ufundi wote. Blanketi linaloletwa baada ya mgonjwa kulala limechelewa, kwa sababu mali imekwisha kuhamishwa. Anayetaka kulinda sebule hana budi kupasha vyumba vya pembeni kwanza, mgonjwa akiwa bado macho. Nusu saa ya kufunikwa vizuri kabla ya sindano, miguu na mikono ikiwa na joto, huacha tofauti ndogo kati ya ndani na nje, na damu inaposhuka haikuti baridi ya kuikomba.

Sasa tazama jinsi nusu saa hiyo inavyopotezwa. Mgonjwa ameambiwa aoge alfajiri. Amevaa gauni jembamba la hospitali, nywele bado mbichi, ameketi kwenye benchi la korido akingoja zamu, na aliyetangulia anachelewa kutoka. Anapoitwa, miguu yake ni barafu. Hakuna aliyefanya kosa ambalo mtu angelitaja, ila vita imeshindwa nusu kabla hata ya sindano. Muuguzi hodari hulikata jambo hili jana yake, kwa maneno. Katika hospitali za Kongo ndugu ndio wanaoleta shuka, chakula na mara nyingi hata matandiko yote, kwa hiyo yeye huzungumza na ndugu anayemlinda mgonjwa: “Mama, kesho mulete mabulangeti mbili na masoksi, mumufunike tangu asubui.” Naye hujibu, “Ndiyo munganga, tutaleta.” Blanketi la nyumbani halivuki mlango wa chumba cha upasuaji, lakini kufikia mlangoni limekwisha kufanya kazi yake. Sijui dawa yenye bei nafuu kuliko mazungumzo hayo.

Ndani, kanuni ni ya eneo, si ya unene. Tabaka moja la kitambaa hupunguza joto linalopotea kupitia ngozi kwa karibu theluthi moja. La pili na la tatu huongeza kidogo sana. Kwa hiyo fundi harundiki mashuka matatu kifuani na kuacha mabega, mikono na kichwa wazi. Hufunika kila mahali ambapo kisu hakina kazi. Huhakikisha dawa ya kusafishia ngozi haitiririki chini ya mgongo, maana mgonjwa aliyelala juu ya shuka lililolowa hupoa kutoka chini, ambako hakuna anayeangalia. Madirisha yamefungwa tangu mapema, feni imezimwa, na haiwashwi mpaka mgonjwa awe amefunikwa, hata kama madaktari wanalalamika ndani ya majoho yao. Hapo panahitajika ujasiri kidogo, kwa sababu muuguzi humwambia mkubwa wake avumilie jasho.

Kisha kuna maji. Lita moja ya serumu, maji ya kutundikwa mshipani, yenye joto la kawaida la chumba hushusha joto la mtu mzima kwa karibu robo ya nyuzi, na chumba cha Likasi asubuhi ya kiangazi kiko chini ya hicho kinachoitwa kawaida. Chupa zikikaa kwenye beseni la maji ya vuguvugu, maji yakibadilishwa kila yanapopoa, lita hizo hazimwibii mgonjwa kitu. Hata hapa kuna la kujua: serumu inayodondoka polepole hupoa ndani ya mrija kabla ya kufika mkononi, kwa hiyo faida hupatikana pale maji yanapokwenda kwa kasi, mgonjwa anapovuja damu au shinikizo linaposhuka. Damu iliyotoka kwenye friji ndiyo baridi kuliko yote, lakini haitumbukizwi kwenye maji ya moto, kwa kuwa chembe zake hupasuka.

Palipo na maji mengi kuliko pote ni tumboni. Homa ya matumbo bado hutoboa utumbo wa watoto na vijana wa Kongo, na anayepasuliwa kwa sababu hiyo huoshwa tumbo kwa lita kadhaa za serumu. Zikimwagwa baridi zinampoza kutoka ndani, moja kwa moja kwenye viungo vile ambavyo mwili ulikuwa ukivilinda. Muuguzi anayesema “ngojeni kidogo, maji haya bado” kabla ya kukabidhi chombo amefanya jambo kubwa, ingawa halitaandikwa popote.

Kwa nini taabu yote hii? Kwa sababu mtu aliyepoa huvuja damu zaidi, maana vigandisha-damu vyake vinafanya kazi kwa uvivu, na kidonda chake hupata damu na oksijeni kidogo ya kupigana na vijidudu. Mwaka 1996 Andrea Kurz, Sessler na Rainer Lenhardt walichapisha matokeo ya wagonjwa 200 wa Austria waliofanyiwa upasuaji wa utumbo mpana. Wale waliopashwa joto walimaliza na nyuzi 36.6 kwa wastani, wengine 34.7. Vidonda viliingiwa na vijidudu kwa asilimia 6 ya kundi la kwanza na asilimia 19 ya la pili. Kwa majeruhi jambo ni zito zaidi. Viunga vya Likasi vimejaa wachimbaji wadogo, na mashimo huporomoka, kama ilivyotokea kwenye mgodi wa Shinkolobwe Julai 2004, katikati ya msimu wa baridi. Mtu aliyefukuliwa ardhini, aliyepoteza damu, akiachwa apoe, damu yake haigandi. Damu isipoganda anazidi kupoa. Mviringo huo huua, na kuukata huanza kwa kumvua nguo zilizolowa na kumfunika akiwa bado njiani.

Iko mashine ya kazi hii. Tangu 1987 yapo matandiko ya karatasi yanayopulizwa hewa ya moto, yaliyobuniwa Minnesota, Marekani, na Dk. Scott Augustine. Ni chombo kizuri, na katika upasuaji wa saa tatu blanketi la kawaida haliwezi kushindana nacho. Hospitali inayoweza kukinunua na kukiendesha ifanye hivyo. Ila umeme wa SNEL, shirika la umeme la taifa, ukikatika, jenereta ina madeni mengine: taa, mashine ya kufyonza damu, oksijeni. Hapo maji hupashwa nje, uani, kwa makaa, na makaa hayo hayaingizwi ndani hata kidogo, kwa ajili ya moto na kwa ajili ya hewa yake yenye sumu.

Mwaka 2022 ulitoka utafiti ambao, kwa maoni yangu, unampa haki fundi wa hospitali ndogo. Sessler na wenzake walifuata wagonjwa zaidi ya 5,000 nchini China na Cleveland, Marekani. Nusu walitunzwa kwenye nyuzi 37, nusu wakaachwa kwenye 35.5. Hapakuwa na tofauti ya maana, si kwa moyo, si kwa vidonda. Haimaanishi kwamba baridi haina neno. Wale wa Austria ambao hawakupashwa walikuwa wamefika 34.7. Maana yake ni kwamba kazi si kumchemsha mgonjwa hadi 37 kwa gharama yoyote, kazi ni kutomwacha aporomoke chini ya 35.5. Na ngazi hiyo, kwa upasuaji wa saa moja, inafikika kwa blanketi la mapema, shuka kavu na maji ya vuguvugu.

Pupa ina hatari yake. Chupa ya maji ya moto iliyobanwa kwapani mwa mtu aliyelala humuunguza, naye hawezi kusema, wala mguu wenye ganzi hauwezi kujivuta. Vidonda vya moto vya namna hiyo vimewapata wagonjwa hata katika hospitali tajiri. Fundi wa kweli hutumia vuguvugu, kamwe hatumii moto, na chupa aliyoipasha kwa ajili ya mshipa haigeuzi kuwa ya kukandia.

Kitu ninachokitamani katika kila chumba cha upasuaji ni kipimajoto na desturi ya kukitumia. Kwenye karatasi ya ganzi mapigo ya moyo na shinikizo huandikwa kila dakika chache, lakini joto mara nyingi halina hata namba moja. Mkono haupaswi kuaminiwa, na miguu ya mwanzo ilituonyesha sababu. Mashine ya kidole inayopima oksijeni nayo hutoa siri: vidole vikipoa, mishipa ikajibana, mchoro wake hulegea na kupotea, na mwenye uzoefu hafikirii mashine tu, anafikiri pia kuhusu baridi. Mgonjwa akianza kutetemeka wakati wa kuamka, misuli yake hula oksijeni maradufu na zaidi. Dozi ndogo ya pethidini hutuliza tetemeko, lakini haimrudishii joto lake. Blanketi bado linahitajika.

Nimeacha upasuaji wa kuzaa mpaka sasa kwa sababu hapo mafundi hulinda watu wawili kwa wakati mmoja. Mama ana ganzi, anapoa na mara nyingi hajui kwamba anapoa, kwa kuwa ile sehemu ya chini haimpelekei habari. Ukimuuliza kama anasikia baridi, atakujibu, “Hapana, munganga, niko muzuri,” huku mabega yameanza kutikisika. Mtoto anatoka akiwa amelowa, hawezi kutetemeka kama mtu mzima, na kichwa chake ni sehemu kubwa ya ngozi yake. Shirika la Afya Duniani linataka chumba anachozaliwa kiwe angalau nyuzi 25. Likasi mwezi wa Julai hiyo ni namba ya kupigania: chumba hupashwa kabla ya mama kuingia, vitambaa viwili vikavu huwa tayari, kimoja cha kumkausha na kutupwa, kingine cha kumfunga, na kofia juu. Mtoto akiwa mzima na analia, mahali pake pa joto kuliko pote ni kifua kitupu cha mama, wote wawili chini ya blanketi moja. Lakini mkono mmoja wa mama una serumu na mwingine una mkanda wa shinikizo, na daktari bado anashona. Kwa hiyo muuguzi wa ganzi, aliyekaa upande wa kichwa, humshikilia mtoto pale kifuani kwa mkono wake mmoja, na kwa wa pili anaendelea kuandika namba.