Themostati ya Mombo: Kosa Moja katika Safari ya Wiki Nzima

Uamuzi wa kung'oa themostati ya Hiace pale Mombo, muda mfupi kabla ya gari kuanza kupanda milima ya Usambara, ulikuwa kosa, tena kosa la mazoea ambayo yameachwa yakaota mizizi katika gereji za barabarani hadi yakahesabiwa kuwa ufundi. Walioifuatilia safari hiyo ya familia kutoka Dar es Salaam kwenda Lushoto na baadaye Marangu, kupitia video ambazo vijana walikuwa wakizituma kila jioni, wanakumbuka zaidi machungwa ya Segera, mapeasi ya Lushoto na mtori wa Krismasi, na wengi wao wamehitimisha kwamba wiki ile ilifana. Ilifana kweli, lakini ilifana kwa ukarimu wa wenyeji na uvumilivu wa bibi, si kwa akili iliyotumika juu ya injini.

Themostati ni vali ndogo inayofunguka na kujifunga kwa joto, na kazi yake ni kuamua ni lini maji yaliyo ndani ya injini yaende kwenye rejeta kupozwa. Ndani yake mna nta iliyofungiwa katika kikopo cha chuma. Nta hiyo ikipata joto hutanuka na kuisukuma vali ifunguke, na ikipoa hunywea, springi ikairudisha vali mahali pake. Katika injini nyingi za Toyota vali huanza kufunguka maji yanapofikia kati ya nyuzi 76 na 88 za Selsiasi, kutegemea aina, na namba yenyewe huwa imegongwa kwenye chuma ili asiwepo wa kubahatisha. Gari likichemsha, yaani maji yakipanda joto kupita kiasi hadi mshale wa geji ukaingia kwenye alama nyekundu, themostati iliyokwama katika hali ya kufungwa ni mmoja tu kati ya washukiwa kadhaa, pamoja na feni, pampu ya maji, rejeta iliyoziba, mpira uliopasuka na kifuniko cha rejeta kilicholegea. Mombo haikufanyika kazi ya kuwachuja washukiwa hao. Alikamatwa aliyekuwa rahisi kung'olewa kwa spana moja.

Ushahidi ulikuwa wazi, na mtazamaji yeyote anaweza kuirudia video ile akauona. Jambo la kwanza ni mkono wa dereva, ambaye watoto walikuwa wakimwita mjomba: aliigusa rejeta upande wa juu akauondoa mkono haraka, kisha akaigusa upande wa chini na kuuondoa haraka vilevile. Rejeta iliyo ya moto juu na chini ni rejeta iliyokwisha kupokea maji kutoka kwenye injini, na maji hayo hayawezi kuizunguka ikiwa themostati imefungwa. Jambo la pili ni lile dumu dogo la akiba, ambalo maji ya ziada hukimbilia yanapotanuka, na ambalo lilikuwa limejaa hadi shingoni ilhali rejeta yenyewe ilimeza chupa baada ya chupa ya maji. La tatu, ambalo kamera ilikaa nalo muda mrefu bila mpiga picha kujua anapiga nini, ni mpira wa juu wa rejeta uliokuwa umenywea na kubonyea baada ya injini kupoa.

Dalili mbili za mwisho zinamtaja mshukiwa mmoja tu, naye ni kifuniko cha rejeta. Kifuniko hicho hubeba vali mbili: kubwa huzuia maji yasitoke mpaka shinikizo lifikie kiwango kilichoandikwa juu yake, ambacho mara nyingi ni 0.9 au 1.1, na ndogo huyaruhusu maji yaliyokimbilia kwenye dumu yarudi injini inapopoa. Vali ndogo ikikwama, maji hubaki kwenye dumu, rejeta hupungukiwa, na mpira hunywea kwa sababu ndani yake pamebaki utupu. Vali kubwa nayo ikilegea, shinikizo halijengeki, na maji huchemka mapema kuliko yanavyopaswa. Kipande hicho hubadilishwa kwa mkono mtupu bila spana, na ni miongoni mwa spea za bei ya chini kabisa katika mfumo mzima wa kupoza injini.

Hata kama fundi aliishuku themostati kwa nia njema, kipimo chake kinajulikana tangu zamani na hakihitaji mashine: themostati hutumbukizwa katika sufuria ya maji, maji hupashwa moto, na vali hutazamwa ikiwa inafunguka kabla maji hayajatokota. Hatua chache kutoka mahali gari liliposimama palikuwa na mama lishe aliyekuwa na jiko la mkaa na sufuria ya maji ya chai inayotoa mvuke, na wajukuu wawili walikuwa wameketi palepale wakila maandazi. Babu, ambaye katika ujana wake aliendesha Peugeot, anasikika katika video hiyo akisema, "Mwanangu, hebu kipimeni kwanza," na anasikika vilevile fundi akimjibu kwa heshima zote, "Shikamoo mzee, lakini hiki ni cha nchi za baridi, huku kwetu hakina kazi." Mjomba akacheka, shangazi akashushwa na kapu lake kwa kuwa injini ya Hiace imelala chini ya siti za mbele na haifikiki mpaka siti iinuliwe, na themostati iliyokuwa nzima ikatupwa kwenye majani. Katika wiki nzima hakuna sentensi iliyoigharimu familia hiyo zaidi ya ile ya nchi za baridi.

Safu hii imeipinga hoja hiyo mara nyingi, na itaipinga tena. Injini haijui kama iko Mombo au Hokkaido. Inachojua ni joto la vyuma vyake. Dizeli inayofanya kazi ikiwa baridi haiunguzi mafuta yote, huchafua oili na kuzichakaza kuta za silinda haraka, hivyo themostati inahitajika pwani ya Tanga kama inavyohitajika kwenye theluji. Kibaya zaidi ni kwamba katika injini nyingi za Toyota kifaa hicho hufanya kazi mbili kwa pamoja. Kinapoifungua njia ya kwenda kwenye rejeta, bamba lake la nyuma huifunga njia ya mchepuko, yaani mfereji mfupi unaoyarudisha maji kwenye pampu bila kuyapitisha kwenye rejeta. Themostati ikiondolewa, mchepuko hubaki wazi moja kwa moja, na sehemu ya maji ya moto huendelea kuizunguka injini bila kupozwa kamwe. Kwenye tambarare, gari likiwa jepesi, kasoro hiyo inaweza kujificha na fundi akasifiwa. Mlimani, gari likiwa na abiria waliojaa, magunia ya mchele na godoro juu ya keria, haijifichi.

Barabara ya kutoka Mombo hadi Lushoto ina urefu wa kilomita zipatazo 33, na katika kilomita hizo gari hupanda takribani mita elfu moja kwa kona zisizokwisha. Maji yasiyo na shinikizo, ambayo pwani huchemka kwenye nyuzi 100, katika kimo cha Lushoto cha mita 1,400 hivi huchemka kwenye nyuzi 95 au karibu na hapo. Kifuniko kizima cha 0.9 kingekisogeza kiwango hicho kupita nyuzi 115. Hiace ile basi iliupanda mlima ikiwa na kifuniko kilekile kibovu, ikiwa imeongezewa mchepuko uliokaa wazi, ikiwa kwenye gia ya pili nyuma ya lori la mbao, huku kiyoyozi kikiunguruma kwa sababu hakuna aliyekumbuka kukizima. Kabla ya kufika Soni moshi mweupe ulikuwa ukitoka kwenye bomba, na kijiti cha kupimia oili kilipochomolewa kilikuwa na rangi ya chai ya maziwa, maana yake gasketi ya silinda hedi, lile bamba jembamba linaloyatenga maji, oili na moto, ilikuwa imeungua. Mjomba alizima injini mara moja badala ya kujaribu kusogea hata kidogo, na kwa hilo anastahili pongezi.

Mambo mengine ya kiufundi yalikwenda vizuri: mzigo ulifungwa kwa kamba imara, pancha ya Korogwe ilizibwa kwa haraka, na fundi wa Lushoto aliikaza hedi akianzia boliti za katikati kuelekea pembeni kama inavyotakiwa.

Ni vigumu kulitazama tukio la Mombo bila kuukumbuka wakati ambapo ukaguzi ulitangulia spana. Bert Shankland, aliyekuwa akiishi Tanzania, alishinda mashindano ya East African Safari mwaka 1966 na tena 1967 akiwa na Peugeot 404, gari la aina ileile iliyobeba familia na walimu katika miji ya Afrika Mashariki. Na Joginder Singh, ambaye ufundi wa magari ulikuwa kazi yake kabla ya usukani kumpa jina, alishinda mwaka 1965 kwa Volvo PV544 iliyokwisha kutumika na watu wengine. Watu hao walipita kwenye tope la masika ya Pasaka kwa magari ambayo leo yangedharauliwa, kwa sababu walijua kila kipande kinafanya nini kabla ya kukigusa. Wapo watakaojibu kwamba Kombi la Volkswagen lilitosha kuwa suluhisho, kwa kuwa injini yake ilipozwa kwa hewa na haikuwa na rejeta ya kuchemka. Ni kweli, na hakuna basi dogo lililopendwa na watoto kuliko lile. Hata hivyo Kombi nalo lilikuwa na themostati yake, iliyovifungua na kuvifunga vibao vya upepo, na mafundi wa zama hizo hawakuiacha salama pia. Ugonjwa ni wa zamani kuliko Hiace, ambayo ilianza kutengenezwa mwaka 1967.

Kwa kuwa hedi ilipinda kwa joto, ilibidi ipelekwe Tanga kwa basi ili ichongwe, yaani uso wake usawazishwe kwa mashine hadi uwe bapa tena, na familia ikabaki kwa ndugu za bibi huko Lushoto kwa siku ambazo ratiba haikuwa imezipanga. Hapo ndipo video zinapopendeza. Watoto waliozoea feni za Dar es Salaam walilala chini ya blanketi mwezi wa Desemba, asubuhi walikunywa chai kwa magimbi, wakatumwa sokoni kununua mapeasi na wakarudi wakiwa wamekula nusu yake njiani. Walipelekwa kwa miguu hadi Irente, ambako mtu husimama ukingoni mwa mlima na kuitazama nyika ya Mombo ikiwa chini yake, na babu akatumia nafasi hiyo kuwaonyesha kwa fimbo sehemu ambayo themostati ilitupwa. Bibi, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akiwaona nduguze kwa siku moja tu kabla ya kukimbizwa Marangu, safari hii alikaa nao vizuri, na haikuonekana kwamba alisikitishwa na habari za gasketi. Raha hizo ni halali na hazihitaji kuombewa radhi. Kosa ni la wale wanaozitumia kuutakasa uamuzi wa Mombo, wakisema kwamba bila gari kuharibika zisingepatikana. Zingepatikana kwa gari zima na kwa gharama ndogo zaidi, kama mtu mmoja angekuwa na mamlaka ya kusema kwamba safari inasimama siku tatu.

Sehemu iliyobaki, kutoka Mombo kupitia Same na Mwanga hadi Himo na kupanda Marangu, haina mengi ya kuchambuliwa: themostati mpya ilikuwa mahali pake, kifuniko kipya cha 0.9 kilikuwa juu ya rejeta, na mshale wa geji ulikaa katikati hata kwenye upepo wa moto wa Same. Linalobaki kulalamikiwa ni maji. Baada ya gharama zote hizo rejeta ilijazwa maji ya bomba, wala si kulanti, yaani mchanganyiko wa maji na dawa inayozuia kutu na kupandisha kiwango cha kuchemka, kwa maelezo kwamba kulanti nayo ni ya nchi za baridi. Aliyeyatoa maelezo hayo safari hii alikuwa mjomba mwenyewe, na babu, aliyekuwa ameketi siti ya mbele, hakuulizwa.